Miezi Sita ya Maziwa, Miezi Mitatu ya Likizo

Tarehe 7 Agosti 2019, Zuleika Hassan, aliyekuwa Mbunge Mwakilishi wa Kike wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa jijini Nairobi akiwa amempakata mwanawe wa miezi mitano. Hakukaa sana. Spika wa muda aliyeongoza kikao, Christopher Omulele, alimwamuru atoke, na akitaka kurudi arudi bila mtoto. Ukumbi ukajaa majibizano, na baadhi ya wabunge wanawake wakaondoka pamoja naye. Zuleika alieleza kwamba siku hiyo alipatwa na dharura, kwamba alikuwa amejitahidi sana asije na mtoto, na kwamba lau Bunge lingekuwa na mahali pa kuwalelea watoto, angemwacha huko.

Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kwa siku mbili tatu, watu wakacheka, wengine wakakasirika, kisha tukaendelea na yetu. Mimi sijaendelea. Huyo mbunge alilipeleka mbele ya taifa jambo linalowatesa mamilioni ya wanawake wafanyao kazi nchini, akalipeleka likiwa hai, linapumua, limefungwa kwenye nguo za kitoto, nasi tukalijadili kana kwamba ni suala la adabu za ukumbini. Na ajabu ya tarehe yenyewe: kila mwaka, kuanzia Agosti 1 hadi Agosti 7, dunia huadhimisha Wiki ya Unyonyeshaji. Mtoto anayenyonya alitolewa Bungeni siku ya mwisho ya wiki ya kuwahimiza akina mama wanyonyeshe.

Sina ugomvi mkubwa na aliyekalia kiti siku ile. Kanuni za Bunge husema asiye mbunge wala afisa wa Bunge hana ruhusa kukanyaga ndani ya ukumbi, naye akazisoma kama zilivyo. Ugomvi wangu ni na hesabu ambayo Bunge hilohilo limetuandikia na ambayo haijumlishiki.

Hesabu yenyewe ni hii. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Wizara ya Afya, ikifuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, inamwambia mama huyohuyo amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita. Pekee maana yake pekee: bila maji, bila uji, bila maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa. Sasa niambieni, ile miezi mitatu iliyobaki mama anyonyeshe akiwa wapi? Wengi huanza likizo wiki moja au mbili kabla ya kujifungua, maana miguu imevimba na matatu haimsubiri mjamzito, kwa hiyo hata hiyo mitatu haitimii mtoto akiwa mkononi. Ukiongeza zile siku 21 za likizo ya mwaka, kama mwajiri atakubali uziunganishe, unafika mwezi wa nne kwa kukokota. Mtoto wa Zuleika alikuwa na miezi mitano. Alikuwa ndani kabisa ya shimo ambalo serikali imelichimba kati ya wizara yake ya afya na wizara yake ya leba.

Tazama linavyokwenda. Mama anapeleka mtoto kliniki. Muuguzi anampima, anachora kidoti kwenye kitabu cha kliniki, anatikisa kichwa: uzito umeshuka chini ya mstari. Anamuuliza mama anamlisha nini. Mama anasema maziwa yake, na uji mwepesi kidogo mchana, maana amerudi kazini. Hapo ndipo kemeo linapoanza. Mama, tulikwambia miezi sita! Mama anainamisha kichwa kama mwizi aliyenaswa. Hakuna anayempigia simu mwajiri wake. Hakuna anayeandika kwenye kile kitabu jina la kampuni iliyomtaka awe langoni saa moja kasorobo asubuhi.

Na serikali inajua thamani ya maziwa hayo, isijifanye haijui. Mwaka 2012 ilipitisha sheria ya kudhibiti maziwa mbadala, ikazikataza kampuni kuyatangaza maziwa ya kopo ya watoto kwa wazazi. Sheria nzuri, naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini unamkataza muuzaji asitangaze kopo, kisha unamsukuma mama mpaka asibaki na chaguo ila kopo! Na kopo lenyewe bei yake inapita ujira wa siku nzima wa kibarua. Ndiyo maana hawanunui. Wanachemsha uji.

Kuna wanaodai kwamba sheria imeshaziba pengo hilo. Ni kweli imeandikwa. Juni 2017 ilitiwa saini Sheria ya Afya, na kifungu chake cha 71 kinamtaka kila mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea kazini: pawe na maji ya kunawa mikono, friji au chombo cha kuhifadhi ubaridi, soketi ya umeme ya kuchomekea pampu ya kukamulia maziwa, meza ndogo, viti vya kukalia kwa raha. Kifungu kinasema wazi kwamba mahali hapo pasiwe chooni. Kinachofuata, cha 72, kinampa mama muda wa kunyonyesha au kukamua mbali na saa ya chakula, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Sheria hiyo ilipita katika Bunge la Taifa. Miaka miwili baadaye, katika Bunge hilohilo, mbunge anasimama mlangoni na mtoto, hana pa kumweka.

Ikiwa waliotunga sheria hawakuitimiza kwao, ni nani ataitimiza? Msimamizi wa kiwanda cha kushona nguo Athi River? Mwenye duka la jumla Biashara Street? Meneja wa shamba la maua Naivasha?

Nataka tukae kidogo hapo kiwandani, maana wanaume wengi wanaopiga kura Bungeni hawajui nini hutokea katika mwili wa mama aliyeachana na mtoto wake saa tisa kwa siku. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akinyonya, mwili unapata habari kwamba yanahitajika, unatengeneza mengine. Yasipotolewa, matiti hujaa, hukaza yakawa kama mawe, huuma hata mkono ukipita karibu. Kufikia saa nne asubuhi maziwa yanavuja, yanalowesha blauzi, na mama anayesukuma kitambaa kwenye cherehani ya umeme anatia vipande vya kanga kifuani ili msimamizi asione. Asipokamua siku nyingi, titi hupata uvimbe na homa, pengine jipu la kupasuliwa. Au mwili unakata tamaa: unahesabu kwamba mtoto hayupo, na maziwa yanapungua wiki hata wiki mpaka yanakauka. Wakati huo jirani anasema, fulani hana maziwa. Alikuwa nayo tele. Yalikaushwa na zamu.

Na anakamulia wapi? Chooni. Nimewasikia wanawake wengi wakilieleza hilo kwa sauti ileile ya kawaida, hata hawashangai tena. Mlango umeegemezwa kwa mguu kwa sababu komeo limevunjika, wenzake wanagonga, anakamua kwa mkono kwenye kikombe au moja kwa moja kwenye sinki, dakika tano, basi. Chakula bora kuliko chote atakachokula mtoto huyo maishani kinateremka kwenye mfereji wa maji machafu, na kule nyumbani mtoto analia njaa. Wote walioniambia hayo walifanya kazi mahali penye bendera ya taifa langoni na bango la maadili ya kampuni ukutani.

Najua hoja ya waajiri, na nitaijibu kwa sababu ina chembe ya haki ndani yake. Wanasema gharama ni kubwa. Kwa sheria ya Kenya mwajiri ndiye anayebeba peke yake mshahara wa miezi mitatu ya mtu asiyekuwa kazini, na pengine amlipe pia anayeshika nafasi yake. Mwenye kampuni ya watu elfu moja atamudu. Mwenye duka la dawa lenye wafanyakazi wanne ataumia. Kwa hiyo anafanya nini? Anaajiri wanaume. Au anamuuliza msichana kwenye usaili kama ana mchumba na anatarajia kuolewa lini, swali lisiloandikwa popote lakini linaloulizwa kila siku. Au anatoa kandarasi za miezi mitatu mitatu, na tumbo likionekana kandarasi haihuishwi tena. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinakataza kumfuta mtu kazi kwa sababu ya mimba. Lakini hajafutwa, eti! Kandarasi imeisha tu. Nenda ofisi ya leba ukathibitishe vinginevyo ukiwa na mimba ya miezi saba na huna nauli.

Tiba ya ugonjwa huo inajulikana, wala haiko mbali. Rwanda, mwaka 2016, ilitunga sheria ya bima ya likizo ya uzazi. Mfanyakazi anakatwa asilimia 0.3 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 0.3 nyingine, wanaume na wanawake wote wanachangia, fedha zinakwenda katika bodi ya hifadhi ya jamii. Mpango ulipoanza, mwajiri alilipa wiki sita za kwanza za likizo na bima ikalipa sita zilizofuata. Mzigo uligawanywa kwa taifa zima, na mwenye duka dogo hana tena sababu ya kumwogopa msichana mwenye pete. Tanzania nako, mfuko wa NSSF una fao la uzazi tangu zamani. Sisi je? Kila mwisho wa mwezi hati ya mshahara ya Mkenya inakatwa asilimia 1.5 ya kujengea nyumba, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Mchango wa Rwanda kwa uzazi ni sehemu moja tu ya tano ya huo. Tulipata nguvu za kisiasa, tukapigana mahakamani na Bungeni, ili kukata fedha za saruji. Kwa mtoto mchanga nguvu hizo hazijawahi kutafutwa.

Msidhani nawasifu majirani kupita kiasi. Sheria ya Tanzania ya 2004 inatoa likizo ya siku 84, siku 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja, na hizo 84 ni wiki kumi na mbili, chini hata ya zetu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataka wiki 14, na sisi na Tanzania sote tumeshindwa kuufikia. Ila Mtanzania anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, mara mbili ya tulichompa Mkenya. Na mapema mwaka 2025 sheria za kazi za huko zilirekebishwa ili mama aliyejifungua mtoto njiti aongezewe likizo. Wanaharakati na wazazi walipiga kelele miaka, Dodoma ikasikia. Kumbe inawezekana.

Sasa nije kwa wale ambao vifungu vyote hivi haviwagusi hata kwa ncha ya kidole, na ndio wengi. Zaidi ya wanane kati ya kila wafanyakazi kumi nchini Kenya wako nje ya ajira rasmi. Nenda soko la Kongowea, Mombasa, alfajiri, malori ya vitunguu na viazi yakishusha. Chini ya meza za nyanya utaona boksi la katoni limetandikwa leso, na ndani yake mtoto amelala, vumbi, moshi wa lori na mayowe ya makuli yote juu yake. Huyo ana bahati: mama yake yuko karibu, anaweza kumpa titi akihesabu chenji. Wenye bahati mbaya wako kwenye bebi kea za mitaani. Chumba kimoja cha mabati, mama mmoja, watoto kumi na tano au ishirini, shilingi hamsini au mia kwa siku, chupa moja ya uji inayozunguka midomo kadhaa. Simlaumu mwenye bebi kea. Anafanya kazi ambayo mtu mwingine amepewa na katiba na hakuifanya.

Mtu huyo ni gavana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaorodhesha kazi za serikali za kaunti, na miongoni mwake, pamoja na elimu ya chekechea, yametajwa mahali pa kulelea watoto. Yametajwa kwa maandishi meusi. Magavana arobaini na saba, tangu 2013, wamekata utepe wa masoko mapya mangapi? Ni mangapi kati ya hayo yana chumba kimoja chenye mkeka, maji safi na mlezi aliyefunzwa, ambapo mama mboga anaweza kumwacha mtoto na kumrudia kila baada ya saa mbili kumnyonyesha? Choo wanajenga, kwa sababu choo kinatoza shilingi kumi. Mtoto hatozi kitu.

Wako waliosema siku ile ya Zuleika, na wanaosema hadi leo, kwamba mbunge ana mshahara mnono na gari, aajiri yaya. Semeni basi hadi mwisho. Yaya huyo ni nani? Ni msichana wa miaka ishirini na mbili kutoka kijijini, na mara nyingi naye ana mtoto. Mtoto huyo ameachwa kwa nyanya yake akiwa na miezi minne, ananyweshwa chai ya rangi, ili mama yake aje mjini kumbeba mtoto wa mwingine. Maziwa yake yalikauka ndani ya basi la usiku. Akishika mimba tena hapo kazini, asubuhi yake anapewa nauli na kuambiwa aende nyumbani akajifungue salama. Kila tunapojibu swali la malezi kwa kusema aajiri yaya, tunachukua mtoto mmoja tunamtoa mikononi mwa mama yake ili mwingine apate wa kumpakata, na tunaliita jambo hilo suluhisho.

Tumezoea kusema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na methali hiyo tumeigeuza kichaka cha kujifichia. Kwamba kwa kuwa mama ndiye mwenye uchungu, basi apambane nao. Tunamwita shujaa, tunamwandikia maneno matamu Siku ya Mama Duniani, tunamsifu kwa kuamka saa tisa usiku akamue, afue, apike, apande matatu mbili. Sitaki kumsifu tena. Sifa hizo ni malipo ya bure kwa deni halisi. Na baba, ambaye sheria yetu imempa wiki mbili za likizo, hebu naye azichukue zote, azitumie nyumbani kwake, na aache kumwona mwenzake wa ofisini aliyeziomba kama mtu aliyeshindwa kuwa mwanamume.

Bunge letu lina desturi mbaya inayostahili kukemewa kwa jina. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba, aliyekuwa akipigania sodo za bure, alifika kwenye Seneti akiwa na doa jekundu kwenye suti yake nyeupe. Wenzake walilalamika, na Spika Amason Kingi akamtaka aende kubadilisha. Mtoto anayenyonya nje, doa la hedhi nje. Mambo ambayo nusu ya taifa hili huishi nayo kila mwezi na kila uzazi yakifika ukumbini yanahesabiwa kuwa uchafu wa heshima ya Bunge, ilhali matusi, ngumi na ulevi vimekwishaonekana humo na wenyewe wakarudi vitini. Kisha tunashangaa kwa nini sheria za uzazi kazini zinaandikwa vizuri na kusahaulika haraka. Wanaozisimamia hawataki hata kuziona.

Ninachodai hakina fumbo. Likizo ya uzazi ifike miezi sita, sawa na mwongozo wa Wizara ya Afya yenyewe. Ilipwe kwa mfuko wa pamoja, ili mwajiri mdogo asiwe na sababu ya kumkwepa mwanamke. Kila soko linalojengwa kwa fedha za umma lisifunguliwe bila chumba cha watoto, na gavana atakayekata utepe bila hicho aulizwe palepale na wanahabari. Vibarua na wafanyakazi wa nyumbani waingizwe katika mfuko huo hata kwa mchango mdogo, kama tulivyoweza kuwafuata hadi vibandani tulipotaka kuwasajili kwa bima ya afya.

Hayo ya kubadilisha sheria yatachukua muda, najua. Lipo moja lisilohitaji mswada. Siku hizi mawaziri hufika Bungeni wenyewe kujibu maswali ya wabunge. Mbunge yeyote, wa kike au wa kiume, wa Serikali au wa upinzani, aliwasilishe swali hili kwa Waziri wa Leba na kwa Waziri wa Afya: tangu Sheria ya Afya itiwe saini mwaka 2017, ni waajiri wangapi wamekaguliwa kwa ajili ya kifungu cha 71, ni wangapi wameshtakiwa, na ofisi za wizara zenu wenyewe, kuanzia makao makuu hadi kaunti ndogo, ni ngapi zina chumba hicho? Wajibu kwa tarakimu, jengo kwa jengo, na orodha iwekwe mezani.